Volteji Iliyo Chini ya Sifuri: Kuipima na Kuitaja

Mtu apitaye katika soko la madini la Musompo, nje ya mji wa Kolwezi, huona mbele ya depo ubao ulioandikwa asilimia na bei. Mchimbaji hufika na gunia lake la heterojeniti, yaani mawe meusi yenye kobalti. Mnunuzi huyaelekezea mawe hayo chombo chenye umbo la bastola, na baada ya muda mfupi tarakimu hujitokeza kwenye kioo. Bei ya gunia hutokana na tarakimu hiyo. Wachimbaji hukiita chombo hicho metorex, kwa jina la kampuni ya Ufini iliyowahi kuunda vyombo vya aina hiyo, hata kama kile kilichopo mkononi kimetoka kiwanda kingine kabisa. Magomvi juu ya tarakimu zake ni ya kila siku.

Makala haya hayakusudii kuamua nani mkweli katika magomvi hayo. Mwandishi ni mwanaisimu, si fundi. Tunachokusudia ni kueleza jambo moja lililofichika ndani ya chombo, nalo ni volteji hasi inayokiwezesha kipande chake cha silikoni kuona. Na kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kulieleza jambo hilo, ijapokuwa pana mahali ambapo kinatutega.

Atomi ikipigwa na miale ya eksirei hurudisha miale yake yenyewe, yenye nishati inayoitambulisha. Mwale mkuu wa kobalti una kilo-elektronivolti 6.93, na ule wa shaba 8.05. Miale hiyo ni nuru, ila jicho halina uwezo wa kuiona. Ndani ya chombo huipokea silikoni, na kwa kila elektronivolti 3.6 hivi zinazomezwa, elektroni moja hung'oka mahali pake. Kwa hiyo mwale mmoja wa kobalti hung'oa elektroni zipatazo 1,900. Hesabu ya elektroni hizo ndiyo habari yote tuliyo nayo. Zikipotea njiani, kobalti haitambulikani tena kuwa kobalti.

Ili zisipotee, ni lazima zisukumwe upesi hadi mahali pa kuhesabiwa. Kazi hiyo hufanywa na volteji ambayo mafundi wetu, waliosomea kazi yao kwa Kifaransa, huiita polarisation. Sisi tutaiita volteji ya kuelekeza, kwa sababu ndivyo inavyofanya: huielekeza chaji. Katika aina ya vipokezi inayotumika sana siku hizi, nukta ya kukusanyia elektroni imeunganishwa na amplifaya, nayo hukaa karibu na volti sifuri. Basi kani ya kusukuma haina budi kutoka upande wa pili, na kwa kuwa elektroni zina chaji hasi, upande huo hupewa volteji hasi ili uzifukuze. Kwa kawaida ni volti mia moja na ushei chini ya sifuri. Tuchukue -130.

Hapa ndipo lugha inapotutega. Tuseme fundi mmoja anamwambia mwenzake kwa simu: "Volteji imepanda." Je, imetoka -130 kwenda -120, au imetoka -130 kwenda -140? Mwanahisabati atashika jibu la kwanza, kwa kuwa -120 ni kubwa kuliko -130. Fundi aliyezoea betri atashika la pili, maana kwake yeye kani imeongezeka. Wote wawili wanasema Kiswahili safi. Kasoro hii si ya Kiswahili peke yake, kwani Kifaransa nacho hunasa papo hapo. Lakini sisi tuna njia nyepesi ya kutoka: tuseme volteji imekaribia sifuri, au imejitenga na sifuri. Katika kufundisha, tungependa vitenzi kupanda na kushuka viachwe kabisa panapohusika volteji hasi. Neno hasi lenyewe tunalo katika Kiswahili sanifu, pamoja na mwenzake chanya, ingawa katika karakana za Kolwezi utasikia zaidi "plus" na "moins". Hatuoni ubaya wowote hapo, mradi mwelekeo wa badiliko utajwe bila utata.

Sasa, volteji hiyo hupimwaje? Wazo la kwanza la kila mtu ni kugusa waya kwa multimita. Ni wazo baya. Njia ya kuelekea kwenye silikoni aghalabu hupitia rezista kubwa ya kuchujia kelele za umeme, tuseme ya megaomu 10. Multimita nyingi za kawaida nazo zina ukinzani wa megaomu 10. Ukigusa baada ya rezista ile, volteji hugawanyika nusu kwa nusu: utasoma -65, nawe hutakuwa umekosea kusoma, maana kwa muda huo kipokezi chenyewe kinapata -65 tu. Kipimo kimekiharibu kile kinachopimwa.

Waundaji makini hufanya vingine. Kabla ya rezista ya kuchujia, hutoa tawi lenye rezista ya megaomu 100 hadi kwenye mlango wa amplifaya inayogeuza alama, yenye rezista ya marejeo ya megaomu 1. Mkondo unaopita ni mikroampea 1.3 tu, na upande wa pili hutokea volti 1.3 iliyo chanya. Faida yake ni mbili: chanzo hakielemewi, na saketi ya kubadili volteji kuwa tarakimu, ambayo mara nyingi haipokei volteji hasi, inapata kitu inachoweza kukisoma.

Lakini megaomu 100 ni ukinzani mkubwa mno, na Lualaba ni nchi ya vumbi, kisha mvua. Vumbi lenye unyevu likitanda juu ya rezista hiyo na kufungua njia ya pembeni ya gigaomu 1, ukinzani halisi huwa megaomu 91 hivi. Amplifaya itatoa 1.43 badala ya 1.3, na chombo kitadhani kina volti -143. Kama kimeundwa kujirekebisha chenyewe, kitavuta volteji kuelekea sifuri hadi kisomeke -130, ilhali silikoni inapata -118. Kwenye kioo kila kitu kitaonekana sawa.

Kwa shaba pekee pengine kosa hilo lisingeonekana. Kwa kobalti hali ni tofauti, kwa sababu jirani yake ni chuma. Mwale wa pili wa chuma una kilo-elektronivolti 7.06, hatua ndogo mno kutoka 6.93 ya kobalti, na kipokezi cha namna hii hakiwezi kuitenganisha miale hiyo kikamilifu. Programu huukadiria mwale wa pili wa chuma kutokana na ule wa kwanza, ulio kwenye 6.40, kisha huuondoa. Ukadiriaji huo hutegemea umbo la vilele vya miale. Kani ya kusukuma ikipungua kupita kiasi, vilele hutanuka na kuburuta mkia, na utoaji ule huenda kombo. Wakati mwingine kwa hasara ya muuzaji, wakati mwingine kwa hasara ya mnunuzi.

Tusimtwike kipokezi lawama zote. Jiwe lililolowa, au gunia lililopimwa juu juu tu, laweza kupotosha tarakimu zaidi ya volti kumi na mbili. Wala asiwepo mtu wa kukifungua chombo sokoni: mna volteji ya maelfu mengi inayozalisha miale, na miale yenyewe haina mchezo. Njia iliyo wazi kwa wote ni sampuli ya rejea, yaani unga wa madini ambao asilimia yake imethibitishwa katika maabara, ukiwa na chuma na kobalti pamoja. Upimwe asubuhi kabla ya gunia la kwanza, na upimwe tena adhuhuri chombo kikiwa kimepata joto, mbele ya macho ya mchimbaji, na tarakimu zote mbili ziandikwe kwenye ubao ule ule wa bei.