KAZI YA KWANZA KWA WAHITIMU WA MAFUNZO YA AMALI KATIKA FANI ZA SANAA

Mafunzo ya amali Zanzibar yanasimamiwa na Mamlaka iliyoundwa chini ya Sheria Namba 8 ya mwaka 2006. Vijana wanaotoka katika vituo vyake, vikiwemo vya Mkokotoni, Mwanakwerekwe na Vitongoji, huwa na ujuzi wa fani kama useremala, ushoni na umeme. Wengi wao hutafuta ajira kwa jina la fani iliyoandikwa katika cheti, na hawatambui kuwa ujuzi huohuo unahitajika pia katika kazi za sanaa.

Seremala anaweza kuanzia katika karakana ya nakshi, akikata na kuranda miimo na vizingiti kabla ya kukabidhiwa patasi ya kuchonga. Mshonaji anahitajika na vikundi vya taarab na vya maigizo. Fundi umeme anahitajika kwenye taa na vipaza sauti vya matamasha, likiwemo la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, na lile la Filamu la Nchi za Jahazi, linalofanyika tangu mwaka 1998. Aidha, Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, unahitaji daima mafundi wa kutengeneza milango na madirisha ya kale.

Tatizo ni kuwa nafasi hizi aghalabu hazitangazwi. Mwenye karakana humwita mtoto wa ndugu au wa jirani. Kwa hivyo kijana wa Micheweni au Makunduchi asiye na jamaa mjini hukosa nafasi, hata kama kazi yake ni bora zaidi. Ili kuiondoa kasoro hiyo, mambo yafuatayo yanafaa kuzingatiwa:

(a) Mwanafunzi aweke kumbukumbu ya kazi zake tangu akiwa masomoni. Picha kumi za kazi alizozifanya mwenyewe, pamoja na kipande kimoja cha kushikika, humwonesha mwajiri kile ambacho cheti hakiwezi kukionesha, nacho ni mkono wa fundi.

(b) Walimu waandike barua za kuwatambulisha wanafunzi kwa wenye karakana, studio na vikundi mapema, kabla ya msimu wa wageni na matamasha. Kijana anayebisha hodi wakati wa masika hukuta kazi zimepungua.

(c) Muda wa majaribio uandikwe. Wapo vijana wanaofanya kazi miezi mingi kwa nauli tu, wakiambiwa bado wanajifunza. Karatasi moja inayotaja muda, posho, kazi atakazofundishwa na jina la fundi msimamizi huwalinda wote wawili. Ajira Zanzibar inaongozwa na Sheria Namba 11 ya mwaka 2005, na mwenye malalamiko anaweza kuyafikisha katika ofisi zinazohusika na kazi.

(d) Mbunifu aelewe haki yake. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003. Ni vyema kijana akubaliane na mwajiri, kabla ya kuanza, nani atamiliki michoro na picha atakazozitoa.

Taasisi za umma nazo zina nafasi yao. Ofisi nyingi huhitaji mabango, sare, samani na picha za sherehe. Kwa kufuata taratibu za ununuzi, kazi ndogo za aina hii zinaweza kuwafikia vikundi vya wahitimu, na ubao wa matangazo wa Sheha ukatumika kutangaza nafasi ili kila mwananchi azione.

Wazee nao wasivunjike moyo mtoto anapoanza kwa kufagia karakana au kubeba nyaya, maadamu anafundishwa na makubaliano yake yanaheshimiwa. Mwanzo wa ngoma ni lele.