Motisha Isiishie Mlingotini

Jioni katika barabara moja ya ufuoni hapa Kisumu, huwakuta wachuuzi wa samaki wakiuza kwa mwanga wa koroboi, ilhali juu yao umesimama mlingoti wa taa ya nguvu za jua iliyozimika.

Mwaka 2020 serikali ilivitoza vifaa vya sola ushuru wa VAT. Mwaka 2021 ikauondoa. Msamaha huo nausifu, lakini ulipunguza gharama ya kununua tu. Paneli hudumu miaka ishirini na zaidi. Betri huchakaa mapema mno. Anayelipwa kwa kusimamisha mlingoti hana sababu ya kurudi kuikagua betri.

Basi sehemu ya malipo izuiliwe, itolewe kila mwaka taa ikiendelea kuwaka. Mwanafunzi anayerejea nyumbani usiku hahitaji mlingoti, ahitaji mwanga.