Downwell: kitufe kimoja, kazi tatu

Gemu nyingi siku hizi zinataka vidole vyote kumi. Downwell inataka vitufe vitatu tu: kushoto, kulia, na hicho cha tatu. Hata ukiwa kiti cha nyuma kwenye foleni ya Jeddah, unacheza vizuri tu.

Unamwongoza kijana anayeanguka kisimani. Kule chini kuna popo, vyura na kobe, na viatu vyake ndiyo bunduki. Akiwa amesimama, kitufe cha tatu kinamrusha. Akiwa hewani, kitufe kilekile kinafyatua risasi kwenda chini, na kila risasi inampunguzia kasi. Yaani kuruka, kupiga na kufunga breki, vyote kwa kidole gumba kimoja. Risasi zikiisha, lazima utue au umkanyage adui, ndipo zijae tena. Ila wale wekundu usiwakanyage, utaumia wewe. Ukifa unarudi juu kabisa, na kisima kimeshajipanga upya.

Aliyeitengeneza ni Ojiro Fumoto wa Japani, ambaye chuoni alisomea uimbaji wa opera. Alijifunza kwa kujilazimisha kutengeneza gemu moja kila wiki, zoezi alilolipata kwa Rami Ismail, Mholanzi mwenye asili ya Misri. Downwell ikatoka Oktoba 2015 kwenye kompyuta na iPhone. Android ikafuata 2016. Rami huyohuyo amepiga kelele sana kuhusu gemu zinazoandika Kiarabu kwa herufi zilizoachana au kupangwa kinyume. Sisi tunaosoma mabango ya Kandara kila siku tunamwelewa.

Sasa rudi kwenye Kiswahili cha nyumbani. Tunacho kitenzi "piga": piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga picha, piga hodi. Neno moja, kazi kibao; inategemea tu umeliweka wapi.

Wengi wetu tuliozaliwa huku tunanyamaza mbele ya bibi, au tunamjibu kwa Kiarabu, kwa sababu tunaona maneno yetu ni machache. Lakini Fumoto hakuongeza vitufe. Alihakikisha vile vichache vinafanya kazi kwelikweli. Basi nawe anza na vitenzi ulivyonavyo. Ukikosea, bibi atacheka, atakurekebisha, mtaendelea. Ukinyamaza, hakuna wa kukurekebisha.

Ijumaa hii mpigie simu, na usiishie kwenye "tayyib". Mwulize amepika nini.