Unyasi Usio na Jina: Themeda triandra katika Nchi ya Bariadi na Simiyu

Madhumuni ya makala haya ni kueleza habari za unyasi mmoja wa asili uotao katika nchi ya Bariadi na Mkoa wa Simiyu kwa jumla: mahali uonekanapo, udongo uupendao, na hali ya usalama wake siku hizi. Huenda msomaji akashangaa kuona jambo la wataalamu wa mimea likiandikwa na mtu wa lugha. Jibu ni kwamba katika habari hii lugha si mgeni. Unyasi huu waweza kutoweka mbele ya macho yetu bila kutambulika, na sababu mojawapo ni kwamba Kiswahili Sanifu hakina jina lake lijulikanalo kote.

Wataalamu huuita Themeda triandra. Aliyeupa jina hilo ni Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus wa Sweden, aliyesafiri Uarabuni akafa Yemen mwaka 1763. Kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1775. Neno Themeda alilitoa katika Kiarabu, nalo lahusiana na maji machache yabakiayo bondeni baada ya mvua. Triandra lina asili ya Kigiriki, yaani wenye viungo vitatu vya kiume katika ua. Wasemao Kiafrikaans huko Afrika Kusini huuita rooigras, ndiyo kusema unyasi mwekundu, kwa sababu ya rangi yake ukisha kupevuka. Wafugaji wa Afrika Mashariki nao wana majina yao katika lugha zao. Lakini hakuna hata moja lililokwisha kupata makao katika Kiswahili.

Eneo lake ni kubwa ajabu. Waonekana tangu Afrika Kusini hata Uhabeshi, ukavuka Bahari ya Shamu mpaka Yemen, ukaendelea Bara Hindi na Uchina hata Australia. Kwa hiyo ukitazama dunia nzima, haumo miongoni mwa mimea inayohofiwa kutoweka. Lakini usalama wa mmea duniani si usalama wake katika kila nchi. Huko kusini-mashariki ya Australia mbuga kubwa zilizojaa unyasi huu zililimwa na kulishwa mifugo hata yakabaki mabaki machache tu.

Mkoa wa Simiyu, uliotengwa mwaka 2012, una wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Upande wa magharibi unashuka hata Ziwa Victoria, lililo mita 1,134 hivi juu ya bahari. Upande wa mashariki wapakana na nyika za Serengeti, ambako unyasi huu ni miongoni mwa nyasi zilizo kuu. Hupenda nchi iliyo wazi, yenye mvua za majira, katika udongo wa miteremko na hata katika udongo mweusi wa mfinyanzi.

Kuhusu udongo, Kisukuma ni tajiri sana. Huko husema luseni kwa udongo wa mchanga wa juu, itogolo kwa ule wa chini yake wenye tabaka gumu, ibushi kwa ule wenye chokaa, na mbuga kwa udongo mweusi wa bondeni, upasukao wakati wa kiangazi na kunata wakati wa masika. Yafaa tuangalie neno hili la mwisho. Katika Kiswahili Sanifu mbuga ni uwanda wa majani, na siku hizi watu wengi wakilisikia hufikiri wanyama pori na watalii. Kwa Msukuma ni udongo hasa, nao wataalamu wa udongo wa Afrika Mashariki walilichukua kwa maana hiyohiyo. Basi neno moja lafaa watu watatu, nao hawaelewani.

Sasa tueleze maisha ya unyasi wenyewe. Themeda ni unyasi wa kudumu: huota kwa mashina yaliyofungamana kama kichaka kidogo, na kila mwaka huchipua tena katika shina lilelile. Mbegu yake ina mkia mrefu uliosokotwa. Ukipata unyevu hujinyonganyonga, ukaisukuma mbegu ndani ya ardhi. Lakini mbegu hizo huanguka karibu na mama yake, wala haziendi mbali. Moto wa kiasi hauudhuru; kinyume chake, usipochomwa wala kuliwa kwa miaka mingi, majani yake makavu huuzibia mwanga hata ukafa. Adui yake ni jembe, na kulishwa mfululizo wakati wa mvua, maana vikonyo vyake vipya huliwa kabla havijatoa mbegu. Tena ukisha kwenda, kurudi kwake ni kwa taratibu mno.

Nchi ikichoka namna hiyo haibaki tupu mara moja. Mvua inyeshapo huota nyasi za msimu mmoja, fupi, zenye mizizi michache, na kwa mbali nchi huonekana ya kijani kama zamani. Kiangazi kikifika zimekufa, udongo uko wazi kwa upepo na maji. Hapa ndipo lugha inapotudanganya. Kiswahili chatupa neno majani kwa nyasi, kwa majani ya mti, hata kwa chai. Ukoka, sangari na ndago zina majina, kwa kuwa mkulima hupambana nazo shambani. Unyasi wa malisho hauna. Basi mtu akiulizwa, husema, “Majani yapo,” naye hasemi uongo.

Wasukuma walikuwa na dawa yake zamani. Waliita ngitili mahali palipotengwa: hufungwa mvua zianzapo, mifugo isiingie, na kufunguliwa kiangazi kikikomaa, kwa ajili ya ndama, ng'ombe wa kulimia na walio dhaifu. Desturi hiyo yaafikiana kabisa na tabia ya unyasi wa kudumu, kwa maana huupa nafasi ya kukua na kuzaa mbegu. Lakini upanuzi wa mashamba ya pamba, na kuhamishiwa watu vijijini katika miaka ya 1970, vilidhoofisha desturi hiyo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi, Maswa na Meatu zingali katika Mkoa wa Shinyanga, uliifufua. Inakisiwa kwamba ngitili zilizoandikwa wakati huo zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipokwisha mwaka 2004 makisio yalipita hekta 300,000. Yapasa kutambua kwamba serikali haikubuni jambo jipya. Ilichukua neno la wenyeji pamoja na sheria iliyomo ndani yake. Hata hivyo waandishi wengi wa Kiswahili huandika ngitiri, ijapokuwa Kisukuma hutumia l. Kosa ni dogo, lakini laonyesha jinsi tulivyolipokea neno bila kuwasikiliza wenyewe.

Hesabu hizo ni za ardhi iliyofungwa, si za unyasi uliomo ndani. Ngitili yaweza kujaa majani ya msimu, ikahesabiwa sawa na ile yenye Themeda. Kwa hiyo twatoa shauri mambo mawili. Kwanza, maneno nyasi za kudumu na nyasi za msimu yatumiwe daima katika vitabu vya shule na maandishi ya kilimo, pasitoshe kusema majani. Pili, wanafunzi wetu waendao Bariadi, Itilima na Meatu kukusanya msamiati wakae na wachungaji wazee malishoni, wakati unyasi umetoa masuke, waandike kila jina pamoja na mmea wenyewe uliokaushwa. Kazi hiyo ifanywe upesi, kwa maana wazee wanapungua, na unyasi nao wapungua pamoja nao.