MFADHAIKO NI NINI?

Neno hili tunalitumia ovyo. Mtu akikosa chai asubuhi, ati amefadhaika. La! Huyo ana njaa tu. Wengine hulichanganya na kukata tamaa, na hapo ndipo wanapokosea zaidi. Aliyekata tamaa ameketi, hangoji kitu. Aliyefadhaika bado anataka, tena anakiona anachokitaka, ila njia imezibwa na hajui afanye nini.

Sisi wa Tana River hatuhitaji kamusi kwa jambo hili. Tunao mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Kule Hola, skimu ya kunyunyizia mashamba maji ilianzishwa miaka ya 1950. Mwaka wa 1989 mto ukahama njia yake, ukaziacha pampu mahali pakavu, na kilimo kikasimama kwa miaka mingi. Hebu mfikirie mkulima yule. Mto haukukauka! Maji yapo, yanapita zake kwenda baharini, ila mferejini hayaingii. Ingekuwa ni ukame, angetazama juu akangoja mvua. Sasa atazame wapi?

Huku Garsen mambo yaligeuka. Mashamba ya mpunga ya delta, mradi wa TARDA, yaliharibiwa na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998. Hola walililia maji, huku tukalia kwa sababu ya maji yale yale.

Na kuna mfadhaiko mdogo, wa safarini. Mvua ikinyesha sana huko bara, mto hufurika kwetu hata kama hatujaona tone, na barabara hukatika, kama tulivyoona 2023 na 2024. Abiria anashuka garini, anatazama ng'ambo. Lami anaiona, watu wa upande wa pili anawaona, hata sauti zao anazisikia. Kwanza anauliza kina cha maji. Baadaye anauliza tena, kana kwamba yamepungua kwa dakika tano. Kisha anatembea huku na huku bila kazi. Mwisho anamgeukia konda: "Mbona ulichukua nauli yangu?"

Mto hauwezi kugombezwa, basi konda ndiye aliye karibu. Naye maskini amesimama papo hapo, viatu mkononi, nyumbani kwake ni ng'ambo ile ile.