Kibiriti Peke Yake Si Moto

Mtu wa pwani anapopanda bara na kufika Nakuru, jambo la kwanza limshangazalo si ziwa wala ndege wake, bali ni baridi ya usiku. Mji huo uko kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na mtaa wa Milimani umepanda juu zaidi, kwenye mteremko wa kwendea Menengai. Huko juu huenda vijana wa shule, maskauti na watu wa matembezi kulitazama lile shimo kubwa la volkeno, na wengine hupiga kambi. Jua likishatua, huulizana: nani ana kibiriti?

Suali hilo lina kasoro, ndugu msomaji, kwani wenye vibiriti ni wengi na wenye moto ni wachache. Njiti moja huwaka kwa sekunde chache tu, na upepo wa mlimani hauna subira. Wala hili si jambo la mzaha. Mtu aliyenyeshewa, nguo zikamganda mwilini, naye yu katika upepo usiku kucha, aweza kufa kwa baridi hata mahali pasipoanguka barafu.

Basi tuzipime njia za kuwashia moto moja baada ya moja.

Ya kale kabisa ni kupekecha. Wazee wetu walikuwa na ulindi, yaani kijiti kigumu, na wimbombo, yaani kipande cha mti mwororo kilichotobolewa kishimo. Ulindi ulizungushwa baina ya viganja viwili mpaka unga wa mti ukatoa moshi, kisha kaa. Waogiek wa msitu wa Mau na Wamaasai walikuwa na ujuzi uo huo, na kwa Wamaasai kijiti cha moto kimeingia hata katika mila. Wazee wanaolea rika jipya la vijana huitwa olpiron, kwa jina la kijiti hicho, kwa kuwa wao ndio wanaoliwashia rika hilo moto wake. Hii ni elimu ya kuhifadhiwa. Lakini yataka mti mkavu na mkono uliozoea. Mgeni wa usiku mmoja asiitegemee.

Ya pili ni cheche za chuma na jiwe la gumegume. Mwaka 1903 Carl Auer von Welsbach wa Austria alitengeneza mchanganyiko wa madini unaotoa cheche kali zaidi, nao ndio uliomo katika laita na katika vile vijiti vyeusi vinavyouzwa kwa watu wa kambi. Ukikirowesha kijiti hicho, kipanguse tu, kitafanya kazi. Ila cheche zataka kitu laini na kikavu cha kuzipokea, kama pamba au nyuzi za gome.

Ya tatu ni kibiriti chenyewe. Njiti za kwanza za kukwaruza ziliuzwa mwaka 1827 na John Walker, mwuza dawa wa Stockton, Uingereza. Baadaye zikatengenezwa za fosforasi nyeupe, nazo zikawaozesha taya wafanyakazi wa viwandani. Mwaka 1844 Gustaf Erik Pasch wa Uswidi akapata hataza ya kibiriti cha salama: dawa ya kuwasha iliondolewa kwenye njiti na kutiwa ubavuni mwa kisanduku. Hapo pana siri ambayo wengi hawaiangalii. Ubavu ule ukirowa, njiti zako hata zikiwa kavu kama mfupa hazina kazi. Kwa hiyo mwenye safari na atie kisanduku kizima katika kopo lenye kifuniko cha kubana, asitie njiti peke yake.

Ya nne ni laita ya gesi. Ni nyepesi na yawaka mara nyingi, lakini gesi yake hudhoofu katika baridi. Ikikataa, ishike kiganjani au uiweke kwapani kwa dakika chache, kisha ujaribu tena.

Katika hizo, ipi ya kuaminiwa? Jawabu langu ni kwamba isiaminiwe moja. Chukua laita mfukoni na kibiriti ndani ya kopo, uviweke mbalimbali, ili kimoja kikipotea au kikirowa kingine kibaki. Na juu ya hivyo chukua kipande cha mshumaa. Njiti itauwasha mshumaa kwa mara moja, na mshumaa utakaa dakika nyingi ukivikausha vijiti mpaka vishike. Petroli usiiguse; huruka ikamrudia mwenye kuimwaga.

Hata hivyo, moto ni kuni kabla ya kuwa cheche. Sisi watu wa pwani tumedekezwa na mnazi: makuti, makumbi, karara na vifuu hushika moto upesi. Milimani hakuna mnazi. Huko tafuta gome kavu la mtarakwa, ulichambue liwe nyuzi nyuzi, na vijiti vilivyokufa vikiwa bado vimening'inia mtini, kwani vilivyolala chini vimenyonya unyevu. Na uko mleleshwa, kichaka cha majani ya kijivu yanukiayo, uliojaa pande zile. Kuni zake huwaka hata zikiwa mbichi.

Aliyesoma Surat Yasin atakumbuka pale inapotajwa neema ya moto utokao katika mti wa kijani. Wafasiri wameitaja miti miwili ya Uarabuni, markh na afar, ambayo Waarabu waliipekecha moto ingali mibichi. Sisemi kwamba mleleshwa ndio uliokusudiwa. Nasema tu kwamba mwenye kuuona ukiwaka mvuani hatashangaa tena aisomapo aya ile.

Panga basi kwa utaratibu: nyuzi kwanza, juu yake vijiti vyembamba kama njiti, kisha vya unene wa kidole, kisha magogo. Acha nafasi ya hewa, na upe upepo mgongo. Yote hayo yawe tayari kabla hujawasha.

Limebaki la mwisho, nalo ni zito kuliko yote. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliungua kwa siku kadhaa, na taarifa za mwanzo za wakuu wa hifadhi zilisema moto ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Sheria ya misitu ya Kenya ya mwaka 2016 yakataza kuwasha moto msituni bila idhini. Basi omba ruhusa, uwashe pale ulipoonyeshwa. Nyumba moja ya Madina ilipoungua usiku na watu wake wamo ndani, Mtume (S.A.W.) aliwaambia watu kuwa moto ni adui yao, wauzime wanapolala. Nyasi kavu za Menengai mwezi wa Februari hazihitaji zaidi ya kaa moja lililosahauliwa. Mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena, kisha weka kiganja karibu. Maadamu kiganja chahisi joto, moto ungali hai, na aliyeuwasha hajapata ruhusa ya kulala.