Kabla Fundi Hajagusa Kompyuta

Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilizindua HealthCare.gov, tovuti ya kukatia bima ya afya kwa wakazi wa majimbo 36. Watu walimiminika kwa mamilioni. Hadi siku inakwisha, waliofanikiwa kukata bima walikuwa 6.

Mitambo ilizidiwa kweli, ila mzigo wake uliongezwa na uamuzi uliofanywa kwa kuchelewa. Mtu anayetaka bima huuliza bei kwanza, kama afanyavyo sokoni. Kipengele cha kuangalia bei bila kujisajili kiliwekwa kando uzinduzi ukiwa umekaribia, hivyo hata aliyekuja kuchungulia tu alilazimika kufungua akaunti, na msongamano wote ukaishia hapo. Mwaka 2014 GAO, wakaguzi wa Bunge la nchi hiyo, walieleza kwamba kazi ilikwenda bila mipango madhubuti. Mkataba mmojawapo ulipanda kutoka dola milioni 56 hadi zaidi ya milioni 209. Fedha zilitumika nyingi; kilichopungua ni mipango.

Huku kwetu Tanzania kosa ni lilelile: mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo humwendea fundi na ombi moja: "Nitengenezee tovuti kama ya jirani." Bei inatajwa, malipo ya awali yanatolewa, kazi inaanza. Mgeni atalipaje? Nani atabadilisha bei msimu ukigeuka? Maswali hayo huibuka kurasa zimeshakamilika, na kila jibu linabomoa kitu kilichokwisha kulipiwa. Linaloniuma zaidi ni jina la tovuti. Mara nyingi fundi hulisajili kwa jina lake mwenyewe. Wakikosana, mwenye biashara hubaki na mabango yenye anwani asiyoimiliki. Umiliki wa jina uandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo. Na fomu ya kuweka nafasi isidai namba ya kitambulisho kwa mazoea tu: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, anayekusanya taarifa za mteja anawajibika kuzilinda.

Kwa hiyo, kabla ya kumwendea fundi, chora ukurasa wa kwanza kwa penseli. Mpe mtu asiyeijua biashara yako, umwambie aweke nafasi ya chumba cha Jumamosi kwa kugusa karatasi kwa kidole. Nyamaza, usimsaidie. Kidole kinaposita, futa, chora upya, mtafute mwingine. Wakishapita watatu au wanne bila kukwama, mpelekee fundi mchoro huo pamoja na picha na bei za vyumba, ndipo mzungumze malipo.